UZI: Kwa nini hakuna viza ya kuomba ukimbizi? Tuzipitie njia halali moja moja, kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi

BarriereNdogo | Goma

Swali hili halikauki katika magrupu yetu: kama maisha ya mtu yako hatarini, kwa nini asiingie ubalozi, aeleze shida yake, apewe karatasi na kupanda ndege mchana kweupe? Kwa nini mpaka avuke mto usiku ndipo asikilizwe? Nafungua uzi tujibu kwa vifungu na kwa hatua, maana jibu la "Wazungu hawatutaki" halimsaidii mtu anayetafuta pa kupita kesho.

Mzizi uko kwenye sheria yenyewe. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 13, linampa kila mtu haki ya kutoka nchi yoyote. Cha 14 kinampa haki ya kutafuta hifadhi kwingine akiteswa. Hakuna kifungu kinachoilazimisha nchi ya pili imfungulie. Mkataba wa Geneva wa 1951 nao unaanza kumhesabu mtu kuwa mkimbizi akiwa tayari nje ya nchi yake. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha kwenye hatari. Cha 31 kinakataza kumwadhibu kwa kuingia bila karatasi, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari na kujitokeza kwa wakuu bila kukawia. Hicho cha 31 kisome mara mbili. Walioandika mkataba walijua wazi kwamba mkimbizi mara nyingi ataingia bila viza, na bado safari yenyewe hawakuiandikia kitu.

Sasa tazama viza zilizopo: ya kutembea, ya masomo, ya kazi, ya kumfuata mwenzi. Ya kuomba hifadhi haimo. Ukiomba viza ya Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ya muda mfupi (siku 90 ndani ya siku 180), ofisa anatakiwa kukukatalia akiwa na shaka ya msingi kwamba hutatoka kabla viza haijaisha. Hiyo ni kifungu cha 32 cha kanuni ya viza ya Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009. Mtu aliyekimbia vita vya Masisi, huku Kivu ya Kaskazini, aseme nini hapo? Akisema ukweli, ukweli wake ndio sababu ya kumkatalia. Akisema anaenda kutembea, ameweka uongo kwenye faili, na uongo huo utamsubiri siku ya mahojiano ya ukimbizi.

AvokaWaNguba | Bukavu

Niongeze upande wa mahakama, kwa sababu watu walijaribu kuufungua mlango huo kwa sheria na majibu yapo.

Kanuni ile ile ya viza ina kifungu cha 25. Kinairuhusu nchi kutoa viza ya eneo lake tu, kwa sababu za kibinadamu. Oktoba 2016 familia moja ya Aleppo, wazazi na watoto watatu, iliingia ubalozi wa Ubelgiji mjini Beirut ikaomba viza hiyo na kusema wazi kwamba ikifika itaomba hifadhi. Ubelgiji ikakataa. Kesi ikafika mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, na tarehe 7 Machi 2017 (kesi C-638/16, X na X) majaji wakasema: anayetaka kukaa zaidi ya siku 90 ametoka nje ya kanuni ya viza fupi, basi kila nchi iamue kwa sheria yake. Mwanasheria mkuu wa mahakama hiyo hiyo alikuwa ameshauri kinyume mwezi mmoja kabla. Hakufuatwa.

Familia nyingine ya Syria ikaenda Strasbourg, mahakama ya haki za binadamu. Tarehe 5 Mei 2020 ikaambiwa kwamba kuingia ubalozi na kuomba viza hakumweki mtu chini ya mamlaka ya nchi hiyo, hivyo mkataba wa haki za binadamu haumfikii pale. Ufaransa nayo, Baraza lake la Serikali liliamua tarehe 9 Julai 2015 kwamba haki ya hifadhi iliyomo kwenye katiba haimpi mtu haki ya kupewa viza ya kuja kuiomba.

Kwa hiyo viza ya kibinadamu ipo, ila inatolewa kwa hiari ya nchi. Huwezi kuidai. Mkiona mtu ameipata, mara nyingi kuna shirika ao kanisa lililokubaliana na serikali kabla. Italia imefanya hivyo tangu 2016 kupitia jumuiya ya Sant'Egidio na makanisa ya Kiprotestanti, ikianzia na Wasyria waliokuwa Lebanon, na ilitumia kifungu hicho hicho cha 25.

Na mjue kwamba zamani mlango wa ubalozi ulikuwepo. Uswisi ilipokea maombi ya hifadhi kwenye balozi zake hadi Septemba 2012. Ilipofunga ilieleza kwamba nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuacha na maombi yote yanaishukia yenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye fundo: nchi moja ikifungua peke yake inabeba mzigo wa wote, kwa hiyo kila moja inangoja mwenzake aanze.

MamaNdosho

Aksanti Mukubwa. Lakini kuna kitu sijaelewa. Tuseme mutu ana pasipoti na pesa ya tiketi. Kampuni ya ndege inaingia wapi hapo? Wao si polisi ya mupaka.

KauntaYaLuano | Lubumbashi

Mama, hapo umegusa penyewe. Tuchukue kaunta ya uwanja wa Luano, kwa ndege inayopitia Addis Ababa ao Nairobi.

Msafiri anaweka pasipoti mezani. Mfanyakazi anaingiza kwenye kompyuta uraia, nchi ya kufika, nchi za kupita na tarehe pasipoti itakapoisha. Mfumo unaoitwa Timatic, wa chama cha mashirika ya ndege (IATA), unarudisha jibu: viza inatakiwa ao haitakiwi. Ikiwa inatakiwa na kurasa za pasipoti ni tupu, kadi ya kupandia haitoki. Kazi yote ni dakika mbili tatu. Kwenye skrini hakuna mahali pa kuandika kwamba huyu anakimbia vita.

Kwa nini mfanyakazi hathubutu kumpitisha? Kwa sababu ya faini. Agizo la Ulaya namba 51 la 2001 linaitaka kila nchi imtoze msafirishaji kwa kila abiria aliyeletwa bila karatasi: ama kiwango cha juu kisichopungua euro 5,000, ama kiwango cha chini kisichopungua euro 3,000. Juu ya hapo kampuni inabeba gharama ya kumrudisha na ya kumweka hadi arudi. Uingereza ilianza mapema, mwaka 1987, baada ya Watamil wa Sri Lanka kufika kwa ndege kuomba hifadhi.

Agizo lenyewe linasema lisiguse wajibu wa mkataba wa Geneva. Ufaransa hata haitozi faini ikiwa abiria ameruhusiwa kuingia kwa sababu ombi lake la hifadhi halikuonekana wazi kuwa halina msingi. Karatasini ni vizuri. Lakini kaunta ya Luano itajuaje ofisa wa Paris ataamua nini kesho? Anayesimama pale amefundishwa kupima mizigo na kusoma pasipoti. Akikosea upande wa kumpitisha mtu, kampuni inalipa maelfu ya euro. Akikosea upande wa kumzuia mtu ambaye angekuwa mkimbizi halali, hakuna anayelipa chochote, hakuna barua ya kukataliwa na hakuna rufaa. Basi atazuia kila mara.

Wakongomani wana kizuizi kingine ambacho wengi hukigundua wakiwa kaunta. Kongo (RDC) imo kwenye orodha fupi ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa Schengen, bila kutoka nje. Tiketi ya bei nafuu inayopitia Brussels ao Paris kwenda nchi ya tatu inaweza kupotea hivyo. Kuna watu walio na misamaha, kwa mfano wenye viza halali za nchi fulani ao karatasi za ukaazi, lakini soma kabla ya kulipa.

Ndiyo maana mtu anamlipa msafirishaji wa magendo pesa nyingi kuliko tiketi ya ndege, apite jangwa na bahari. OIM, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji, ilihesabu vifo visivyopungua 8,938 kwenye njia za wahamaji duniani mwaka 2024, mwaka mbaya kuliko yote tangu waanze kuhesabu mwaka 2014.

BarriereNdogo | Goma

Na kabla ya kufika kaunta, hesabu vizuizi vya hapa kwetu. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Bukavu ikafuata katikati ya Februari, pamoja na uwanja wa Kavumu. Faili ya viza inataka karatasi za akaunti za miezi ya karibuni, bima ya safari ya euro 30,000 kwenda juu, na ada ya euro 90 tangu Juni 2024. Viza nyingi za Ulaya zinashughulikiwa Kinshasa. Mtu wa Goma alipie safari ya kupitia Rwanda ao Uganda, kisha Kinshasa, akaombe kitu ambacho kifungu cha 32 kitamnyima.

Pasipoti ni mlima wake. Mwaka 2015 iliuzwa dola 185, baadaye ikashuka hadi 99. Bei si shida peke yake. Pasipoti inatolewa na dola ile ile ambayo wakati mwingine mtu anaikimbia, na inataka karatasi ya utambulisho. Kwetu utambulisho ni karte ya elekteri, yaani kadi ya mpiga kura. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Watu wa kule ndio walio wengi kati ya waliohama, na ndio wenye karatasi chache kuliko wote.

DadaKadutu | Bukavu

Kwa hiyo mutu aanze wapi? Musituambie tu kama milango imefungwa.

FailiSafi | Bukavu

Aanze na nchi jirani. Najua si jibu ambalo watu wanalipenda, lakini ndilo mlango pekee ambao sheria inamfungulia bila viza.

Afrika tuna mkataba wetu, wa OUA (Umoja wa Afrika wa zamani), uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Ni mpana kuliko ule wa Geneva: unamtambua pia anayekimbia uvamizi kutoka nje, ukaliaji, na matukio yanayovuruga vikali utulivu wa umma katika sehemu ya nchi yake ao nchi nzima. Mtu wa Kivu hahitaji kuthibitisha kwamba bunduki ilimtafuta yeye kwa jina.

Uganda: wanaovuka Bunagana wanapokelewa kituo cha Nyakabande, Kisoro. Wanaosajili ni ofisi ya Waziri Mkuu, tunayoiita OPM, pamoja na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Alama za vidole, picha, majina ya familia yote, kisha basi la kwenda makazi kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II ao Kyangwali. Sheria yao ya 2006 inataka ujitokeze ndani ya siku 30 tangu kuingia. Unaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Chakula cha msaada kilipunguzwa sana mwaka 2025, hilo nalo lijulikane kabla.

Burundi: mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu walivuka mto Ruzizi, wengine juu ya vyelezo vya kujitengenezea, wakalazwa uwanja wa mpira wa Rugombo huko Cibitoke, kisha wengi wakapelekwa Musenyi. Ofisi ya serikali kule ni ONPRA.

Kitu kinachoharibu mambo kuliko vyote: watu wanavuka kwa jeton (karatasi ya kuvuka mpaka) ya siku moja ao kwa karatasi ya jirani, wanakaa mjini kwa ndugu bila kujisajili, wakisema watajisajili mambo yakizidi. Mwaka unapita. Siku wanajitokeza, hawana tarehe ya kuingia, hawana ushahidi kwamba walijitokeza bila kukawia, na mtoto aliyezaliwa kati hana karatasi upande wowote. Jisajili mapema hata kama hutaki kukaa kambini, na karatasi ya usajili ipige picha, tuma kwa mtu wawili watatu unaowaamini.

Cheti cha ukimbizi kina faida nyingine ambayo watu hawaitumii: kifungu cha 28 cha Geneva kinaiambia nchi iliyokupokea ikupe hati ya kusafiria ya mkimbizi. Kampuni ya ndege inaijua. Bado utahitaji viza, lakini unakuwa umetoka kwenye shida ya pasipoti ya Kinshasa.

MamaNdosho

Na ile ya kupelekwa Amerika na HCR? Watu wanauza nafasi huku, dola 500, dola 1,000.

FailiSafi | Bukavu

Mama, anayeuza ni mwizi. Nafasi hiyo haina bei na haina fomu ya kuomba. HCR ndiyo inayochagua. Na kwa Mkongomani aliye ndani ya Kongo haipo kabisa, kwa sababu ni lazima uwe mkimbizi uliyesajiliwa nje. Waliokuwa kambi za Goma, Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, walikuwa wahamaji wa ndani, na kwa sheria hiyo hawakuhesabika hata siku moja.

Inavyokwenda: HCR inapitia data zake na kutafuta wanaoingia kwenye moja ya makundi saba, nayo ni ulinzi wa kisheria ao wa mwili, walionusurika mateso na ukatili, wagonjwa, wanawake na wasichana walio hatarini, kuunganisha familia, watoto walio hatarini, na wasio na suluhisho lingine linaloonekana. Kisha mahojiano ya kuhakiki, mahojiano marefu, faili inatumwa kwa nchi moja. Nchi hiyo inafanya mahojiano yake na uchunguzi wa usalama. OIM inapima afya, pamoja na picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu. Mafunzo ya siku chache, ruhusa ya kutoka ya nchi unayoishi, ndege. Kwa Marekani tiketi ni mkopo usio na riba, unaanza kuulipa miezi kadhaa baada ya kufika.

Kila hatua ina tarehe yake ya kuisha, na hapo ndipo faili nyingi zinalala. Kipimo cha afya kinaisha wakati uchunguzi wa usalama bado. Kipimo kikirudiwa, kingine kimeisha. Mtoto akizaliwa, faili ya nyumba nzima inasimama hadi aongezwe. Mwenzi akihama kambi bila kutoa taarifa, inasimama tena. Duniani kote, wanaopata nafasi kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi.

Mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 walikuwa Wakongomani, wengi kuliko taifa lolote. Programu ikasimamishwa kwa amri ya rais Januari 2025. Watu waliokuwa na tiketi mkononi walibaki, wengine wameshagawa vyombo na kurudisha nyumba. Kwa mwaka wa 2026 kiwango kikawekwa 7,500, sehemu kubwa ikitengwa kwa Wazungu wa Afrika Kusini wanaoitwa Waafrikana. Mwenye faili ya Marekani asiitupe: ahakikishe anwani, simu na idadi ya familia viko sawa HCR, na aulize kama kesi yake inaweza kupelekwa nchi nyingine. Hawezi kuwa kwa nchi mbili pamoja.

KomineKenya | Lubumbashi

Kwa sisi wa Lubumbashi barabara ni Kasumbalesa. Zambia inapokea, kwa sheria yake ya wakimbizi ya 2017. Makazi ni Meheba, Mayukwayukwa, na Mantapala iliyofunguliwa Nchelenge mwaka 2018 kwa ajili ya waliokimbia Haut-Katanga na Tanganyika. Tofauti na Uganda: Zambia iliweka pingamizi kwenye kifungu cha 26 cha Geneva, kwa hiyo haikulazimika kukuacha ukae unapotaka. Kuishi Lusaka kunahitaji kibali. Ukikamatwa mjini bila hicho unaweza kufungwa hata kama cheti cha ukimbizi unacho.

Wengi wanaiona Zambia njia tu ya kwenda Afrika Kusini. Kule kuna karatasi inayofanana kidogo na hii tunayoitafuta: kifungu cha 23 cha sheria yao ya uhamiaji kinampa mtu mpakani kibali cha kupita ili afike ofisi ya wakimbizi. Zamani kilikuwa siku 14, marekebisho ya 2011 yakakifanya siku 5. Ofisi ni chache, Musina, Pretoria, Durban, Gqeberha na Cape Town. Piga hesabu: umekipata mpakani Beitbridge Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, Jumatatu foleni imejaa, Jumanne umebaki na siku moja. Kikiisha wewe ni mhamiaji haramu, na baada ya hapo unatakiwa kueleza sababu nzuri kabla hata ya kupewa fomu. Musina ndiyo ya karibu na mpaka. Anayesema ataenda moja kwa moja kwa ndugu Cape Town kwanza anajipoteza.

AvokaWaNguba | Bukavu

Njia ambayo inafanya kazi kweli, na ambayo watu wanaiharibu kwa karatasi, ni kumfuata mwanafamilia aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi Ulaya. Ni Agizo la Ulaya namba 86 la 2003. Ni mwenzi na watoto wasiofikia umri wa utu uzima. Mkimbizi anasamehewa masharti ya mshahara na nyumba akiomba mapema. Nchi inaruhusiwa kuweka muda wa mwisho, usiopungua miezi 3 tangu kutambuliwa. Ukipita, masharti yote yanarudi. Kwa hiyo siku ile barua ya kutambuliwa inafika Liège ao Lyon, familia ya Bukavu inatakiwa kuwa imekwisha kuandaa karatasi.

Na hapa tunaanguka. Sheria yetu ya familia, baada ya marekebisho ya 2016, inatoa siku 90 kumwandikisha mtoto komine. Wengi hawakumwandikisha. Baada ya hapo ni tribinali, kwa kile tunachokiita jugement supplétif (hukumu inayoziba nafasi ya cheti cha kuzaliwa kisichoandikwa kwa wakati), kisha cheti cha kuonyesha hakuna aliyekata rufaa, kisha ofisa wa komine anaandika cheti cha kuzaliwa, kisha wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha sahihi, kwa sababu Kongo haimo kwenye mkataba wa apostille, ule muhuri mmoja unaokubaliwa na nchi zote zilizomo.

Weka karatasi hizo nne mezani, moja pembeni ya nyingine, kabla hujazituma. Soma jina la mama herufi kwa herufi. Hukumu imeandika "Chantal", cheti cha komine kimeandika "Shantal", na baba alipohojiwa Ubelgiji alitaja jina la ubatizo tu. Angalia tarehe: mtoto aliyezaliwa 03/08 anakuwa wa 08/03 kwa karani mwingine. Angalia pia jina la mahali, Bagira mara moja na Bukavu mara ya pili. Kwetu ni kawaida. Kwa ofisa wa mbali hao ni watoto wawili. Makosa ya aina hiyo yanapeleka familia kwenye kipimo cha DNA, miezi mingine inaondoka, na muda ule wa msamaha haungoji.

Jambo la faida kwa watu wa Goma na Bukavu: hukumu ya Luxembourg ya tarehe 18 Aprili 2023, kesi ya Afrin (C-1/23). Ubelgiji ilikuwa inadai familia ifike yenyewe ubalozini kuwasilisha ombi. Mahakama ikasema haiwezi kudai hivyo wakati kufika haiwezekani ao ni kugumu kupita kiasi. Inaweza kuwaita baadaye, karibu na mwisho. Wenye ndugu Ubelgiji, mwambieni avoka wake aandike hiyo kesi kwenye barua ya kwanza, atume ombi kwa posta ao barua pepe, na aeleze kwa tarehe barabara gani na uwanja gani ulikuwa umefungwa.

KauntaYaLuano | Lubumbashi

Kwa ufupi nyingine. Kanada inaruhusu raia wake kumdhamini mkimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Wadhamini wanaojiunga kama kikundi cha watu watano wanatakiwa kumchukua mtu aliye na uthibitisho wa ukimbizi kutoka HCR ao serikali, na maombi mapya ya vikundi hivyo yalisimamishwa tarehe 29 Novemba 2024. Aliyefika Kanada kama mkimbizi ana dirisha la mwaka mmoja kuwaita mwenzi na watoto, lakini wale tu aliowataja kabla ya kuondoka. Wanafunzi: shirika la WUSC la Kanada linachukua kutoka kambi za Dadaab, Kakuma, Dzaleka na kwingine, vyuo vikuu vya Italia vina programu ya masomo ya UNICORE ambayo imewahi kufungua Zambia na Zimbabwe. Zote zinadai uwe mkimbizi uliyesajiliwa. Nafasi ni chache mno kulinganisha na watu.

DadaKadutu | Bukavu

Wakubwa, serikali za kule zinasema wakifungua viza, watu wote watajaa. Si kweli kidogo?

BarriereNdogo | Goma

Hofu hiyo ndiyo inayoendesha kila kitu tulichoandika hapa, kwa hiyo nijibu kwa uzito. Walio wengi waliokimbia Kivu wako Uganda, Burundi, Rwanda, Tanzania, Zambia, na wengi zaidi hawajatoka hata Kongo. Uganda peke yake ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Viza ya hifadhi isingekuwa ya kila anayeomba. Ingemruhusu mtu ahojiwe kabla ya safari, karatasi zake zichunguzwe, na anayekataliwa akataliwe akiwa hai, huku ameshika barua yenye sababu. Hivi sasa uchujaji unafanywa na pesa na nguvu za mwili. Anayefika ni kijana mwenye uwezo wa kulipa na kutembea jangwani. Mjane wa Kitshanga mwenye watoto wanne na mguu uliovunjika hafiki, na yeye ndiye mkataba uliandikwa kwa ajili yake.

Mwaka 1922 Fridtjof Nansen aliwatengenezea wakimbizi wa Urusi hati ya kusafiria ambayo serikali nyingi zilikubali kuiheshimu, wakati ambapo dunia ilikuwa maskini kuliko leo. Kwa hiyo siamini mtu anayesema haiwezekani kuandika karatasi kama hiyo.

MamaNdosho

La mwisho. Kuna mama yuko Nakivale, analea mutoto wa dada yake aliyekufa. Watu wanamushauri amuandikishe kama mutoto wake wa kuzaa, ili faili iende mbio.

FailiSafi | Bukavu

Mwambieni asifanye hivyo. Kipimo cha DNA kikifanyika, faili nzima inasimama kwa udanganyifu, na watoto wake wa kuzaa wanakwama pamoja naye. Aende ofisi ya ulinzi wa watoto pale makazi, amtaje mtoto kama mpwa anayemlea, alete karatasi ya kifo cha dada yake kama ipo, ao mashahidi wawili wa kijiji kimoja walio kambini. Watafanya tathmini ya maslahi ya mtoto, na ikikamilika mtoto anawekwa kwenye faili ya mama huyo kwa jina lake la kweli. Inachukua muda, kwa hiyo aianze wiki hii, asingoje aitwe kwenye mahojiano. Na kama baba wa mtoto yuko hai mahali fulani, alitaje hilo mwanzoni, kwa sababu wataliuliza, na itatakiwa sahihi yake ao maelezo kwa nini haipatikani.